Kiti cha Bibi Faili

Mkono ulifika saa tisa alasiri, kama ulivyofika jana na juzi. Ulitua kwenye bega la kulia la Cherehani, pale bega linapokutana na shingo, ukakaa hapo kwa uzito wa mtu anayesoma nyuma yako bila kusema kitu. Hakugeuka. Siku za mwanzo aligeuka, akakuta kabati la chuma, ukuta uliobambuka rangi, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa msumarini. Siku hizi aliinamisha kichwa tu, akaendelea kuchapa huku akisema kimoyomoyo: Shikamoo, Bibi.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwenye maneno machache na vidole vyenye mbio. Jina la Cherehani alipewa na wenzake kwa ajili ya mlio wa kibodi yake. Ukipita koridoni ungedhani kuna mtu anashona sare za shule nzima. Kazi yake ilikuwa kuhamisha vifo. Ndivyo walivyosema wao wenyewe pale masjala, bila kutisha wala kutishika: vitabu vikubwa vya vifo, vilivyoandikwa kwa mkono tangu enzi za wino wa kuchovya, vilipaswa kuingizwa kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Jina, umri, siku, mahali, sababu, na aliyeleta taarifa. Watu mia mbili kwa siku. Walipita vidoleni mwake kimyakimya, kama abiria wanaoshuka kituo cha mwisho.

Kazi hiyo alirithishwa na Bibi Faili, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, aliyeijua kila rafu ya masjala ile kama mtu anavyojua vyungu vya jikoni kwake. Kwa miaka mitatu Cherehani alikaa kwenye kijimeza cha pembeni akijifunza kwake namna ya kusoma miandiko ya makarani waliokwisha kufa. Kila siku saa tisa, Bibi Faili aliinuka kwenda kunywa maji. Akipita nyuma ya Cherehani aliweka mkono begani pake, akaubana kidogo, na kusema, "Taratibu, mwanangu. Hawa hawana haraka tena." Na siku moja, akifunga kitabu kwa kofi kama alivyozoea, akaongeza, "Siku nami nikiingia humu, uniingize wewe. Sitaki kibarua anitie kwenye kompyuta huku anatafuna karanga."

Cherehani alicheka, akaahidi. Ahadi za namna hiyo mtu huzitoa haraka, kwa sababu haamini kama kuna siku atadaiwa.

Bibi Faili alikwenda likizo asirudi. Malaria, walisema, siku nne tu. Jina lake liliandikwa kwenye kitabu cha mwisho kabisa cha mkono, kabla masjala haijahamia kwenye mashine moja kwa moja. Sasa vilibaki vitabu vinne mezani, na cha nne ndicho alimolala Bibi Faili, mahali fulani katikati.

Pale ofisini palikuwa na mwiko wao. Miaka ya nyuma karani mmoja alifariki Ijumaa, na Jumatatu mezani pake palikwisha kaa mtu mwingine, vitu vya marehemu vimesukumwa kwenye boksi la biskuti. Mjane alipokuja kuvichukua alilikumbatia boksi lile mlangoni, akalia kwa sauti ambayo waliokuwepo hawakuisahau. Tangu hapo wakaapa: meza ya marehemu haiguswi. Anayekuja baada yake akae alivyokaa marehemu. Hivyo Cherehani alipohamia kwenye meza ya Bibi Faili hakusogeza hata kibanio cha karatasi. Kiti kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho. Magoti yake yakapanda juu, mabega nayo yakainuka ili mikono ifikie kibodi. Skrini ilikuwa chini, imesukumwa pembeni upande wa kulia, imegeuzwa mshazari. Kitabu kililazwa mbele, bapa. Simu ilikuwa ya kubana kwa sikio na bega ili mikono ibaki huru, kwani ndivyo Bibi alivyofanya.

Kwa hiyo kutwa nzima shingo ya Cherehani ilishuka kitabuni, ikapinda kulia, ikashuka, ikapinda. Mara mia mbili, na kila mara kwa vipengele sita.

Maumivu yalianza kama kamba iliyokazwa. Kisha yakawa jiwe. Kisha, kuelekea mwaka wa pili, yakawa mkono. Nao ulichagua saa yake.

Hakumwambia mtu. Angeambiwa nini? Na tena, jambo hili hakulikiri hata kwa nafsi yake, hakutaka uondoke.

Mzee Muhuri ndiye aliyegundua kwanza kwamba kuna kitu. Alikuwa mpiga mihuri wa masjala, mtu mzima mwenye kidole gumba cha zambarau na mdomo usiokuwa na likizo. Asubuhi moja alikuja na karatasi mkononi, uso umejaa kicheko.

"Cherehani binti yangu, huyu mzee wa ukurasa wa themanini alikuwa anakula nini?"

"Kwa nini, mzee?"

"Watu wanasema fulani kala chumvi nyingi. Huyu alikula bahari! Miaka mia saba sabini na saba. Huyu alimuona Nuhu akinunua mbao."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Cherehani alicheka pia, kisha akauangalia mkono wake wa kulia. Kitabuni mtu yule alikuwa na miaka sabini na saba. Kidole cha shahada kilikandamiza ile saba, kikabaki pale pale bila kuhisi kwamba bado kimebonyeza. Alikigusa kwa kucha ya mkono wa pili. Ilikuwa kama kugusa kidole cha mtu mwingine.

Mkuu wa masjala hakucheka. Alimwita ofisini kwake, akamkalisha, akazipanga karatasi tatu zenye makosa juu ya meza kwa utaratibu wa mtu anayetandika karata.

"Mimi sikugombezi," alisema. "Lakini watu hutumia vyeti hivi kugawana mirathi. Mwisho wa mwezi ujao nataka vitabu vyote vimeingia, safi. Mkono ukiendelea hivi, nakuhamishia dirisha la wateja. Vile viwili vya mwisho atamalizia kibarua."

"Mkuu, naomba nivimalize mwenyewe."

"Kwa nini? Kazi ni kazi."

Cherehani alizikusanya zile karatasi tatu. "Nitajitahidi," akasema.

Nyumbani aliishi na mama yake, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke aliyewahi kuinua masufuria ambayo wanaume wawili waliyakimbia. Jumamosi ile, wakiosha vyombo uani, kikombe kilimponyoka Cherehani kikavunjika. Hakukisikia kilipoanza kuteleza. Alisikia tu mlio wake sakafuni.

Mama yake aliviacha vyombo. Alimkalisha kwenye kigoda, akamvuta kola, akaanza kumkanda kwa mafuta yenye harufu ya karafuu.

"Yallah! Hili bega au tofali? Huu si uchovu, mwanangu. Umebeba mtu."

Cherehani alishtuka. "Mama, acha hizo."

"Sijasema jini. Nimesema mtu. Nimebeba watoto sita mgongoni, najua bega lililobeba linavyokuwa." Akaendelea kukanda, kisha akasema, "Kesho kutwa hospitali. Kukaza kwa nyama ninakujua. Vidole kufa ganzi sikujui, na mafuta yangu hayana digrii."

Daktari alimpeleka kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, kilichokuwa na kitanda kimoja, mipira mikubwa miwili na kioo kirefu ukutani. Mtaalamu wa pale alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, aliyemwita kila mgonjwa jirani. Aliinamisha kichwa cha Cherehani upande wa kulia, akakibonyeza kidogo kwa juu. Cheche ikatoka shingoni, ikateremka hadi kidole gumba na cha shahada.

"Hapo!" alisema mtaalamu. "Mshipa wa fahamu unabanwa unapotokea shingoni. Haujakatika, unalalamika tu. Sasa kaa kwenye kile kiti, mbele ya kioo. Kaa kama unavyokaa kazini."

Cherehani akakaa.

"Mbona unageuza shingo kama kuku aliyesikia mwewe? Kompyuta iko wapi?"

"Hapo." Akaonyesha kulia, chini.

"Nani aliiweka hapo?"

"Niliikuta."

"Na kiti?"

"Nilikikuta."

"Simu unashikaje?"

Cherehani akainua bega hadi sikioni. Kiooni alijiona: mwanamke mrefu aliyejikunja, kichwa kimetangulia mbele, bega moja juu, shingo imepinda. Ule mkao aliujua. Aliutazama kwa miaka mitatu kutoka kwenye kijimeza cha pembeni. Ilibaki miwani tu.

"Huyo uliyemkuta alikuwa na urefu gani?" aliuliza mtaalamu.

Cherehani akaonyesha kifuani pake.

"Na jicho lake la kushoto lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu."

"Haya. Mimi si mpiga ramli. Ila nina miaka kumi na tisa naangalia watu wanavyokaa, na mtu mwenye macho mawili mazima haweki skrini pembeni namna hiyo akaivumilia. Nakwambia hivi, jirani: umekaa ndani ya mwili wa mtu mwingine, na wako unapiga kelele."

Kisha akamweleza, akigusa kila kiungo alichokitaja. Skrini iwe mbele ya pua, si mbele ya bega. Umbali wa mkono ulionyooshwa. Ukingo wake wa juu ulingane na macho. Kitabu kisilale, kiegemezwe kwenye kitu karibu na skrini, ili macho ndiyo yasafiri na shingo ibaki nyumbani. Kiti kipande mpaka viwiko vikae kando ya mbavu vikiwa vimepinda kama kona ya meza, na nyayo zikanyage sakafu yote. Simu ishikwe kwa mkono. Na kila nusu saa ainuke, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi.

"Kazi si dhambi. Kukaa kama sanamu ndiyo dhambi," alisema. Akamfundisha kurudisha kidevu nyuma taratibu, kama mtu anayekwepa harufu mbaya kwa adabu, kuyabana mabega nyuma na kuyaachia, kuyazungusha, kulaza kichwa upande mpaka pale panapovuta, sio panapouma. "Cheche ikishuka mkononi, acha hapo hapo. Usiku lalia mto mmoja, sio mnara. Kitambaa cha moto pale palipokaza. Ganzi huondoka polepole kama mgeni mwenye aibu, usimfukuze kwa fimbo. Lakini mkono ukianza kukosa nguvu, au miguu ikawa mizito, au ukashindwa kuzuia haja ndogo, usingoje miadi. Njoo siku hiyo hiyo."

Cherehani alifuata yote. Alirudisha kidevu, akazungusha mabega, akainuka kila nusu saa mpaka Mzee Muhuri akamuuliza kama ameajiriwa ulinzi. Ila meza hakuigusa. Alinyoosha shingo dakika moja, kisha akairudisha kwenye kiti kilekile, skrini ileile, ikapindwa dakika ishirini na tisa. Na saa tisa mkono ulifika. Ulikuja na joto siku hizi, na mwanga mkali uliomfanya akunje macho na kusogeza uso karibu zaidi na skrini. Kadiri alivyosogea, ndivyo ulivyombana.

Siku kumi na saba kabla ya mwisho wa muda aliopewa, vitabu vikiwa viwili, aliingiza mtoto wa mwaka mmoja kwa umri wa miaka kumi na mmoja. Alilikuta kosa mwenyewe. Safari hii hakucheka mtu, kwa kuwa hakumwonyesha mtu. Alifuta ile moja ya ziada, akaweka mikono mapajani na kukaa hivyo muda mrefu.

Mzee Muhuri alikuja na kiti chake cha mbao, akakaa karibu.

"Cherehani. Kuna siku utaniambia, au niendelee kufanya mzaha mpaka nife?"

Akamwambia. Alimwambia habari ya ahadi, na ya vidole, na ya yule mwanamke wa hospitali aliyesema mambo ya ajabu juu ya jicho. Habari ya mkono aliisema mwishoni, kwa sauti ambayo mzee ilibidi ainame kuisikia.

Mzee Muhuri alitazama kidole chake cha zambarau.

"Lilikuwa limezimika," alisema. "Jicho la kushoto. Tangu lizimike ulikuwa mwaka wa nane. Aliniapisha nisiseme, aliogopa watamstaafisha. Hukuona chai yake ilivyokuwa ikimwagika upande mmoja tu? Hukuona tulivyosimama wote kulia kwake?"

Cherehani aliona. Aliona yote kwa pamoja, kama chumba kilichofunguliwa dirisha.

"Na la kulia lilikuwa linachoka. Hii saa ndiyo ilikuwa mbaya kwake." Mzee alinyoosha kidevu kuelekea dirishani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tatu. Jua lilikuwa limevuka paa la jengo la jirani, likaingia mshazari na kupiga kioo cha skrini hadi herufi zikamezwa. "Likiingia hivi, alikuwa haoni kitu. Njia ya kwenda kwenye maji aliipapasa. Kabati, halafu ukuta, halafu wewe."

"Mimi?"

"Bega lako, binti yangu. Lilikuwa fimbo yake."

Saa ya ukutani ikafika tisa. Mkono ulifika. Cherehani alikaa nao, macho yamekunjwa kwa jua, shingo imetangulia mbele, na kwa mara ya kwanza aliusikia kwa namna nyingine. Miaka yote alidhani anatulizwa. Ulikuwa mkono wa mtu anayetafuta pa kushika.

"Nisaidie kusogeza meza," alisema.

Mzee Muhuri alisimama mara moja, kisha akasita, akatazama kalenda ya mwaka juzi. "Mwiko wetu…"

"Alikaa hivi kwa sababu hakuona. Mimi naona."

Waligeuza meza hadi dirisha likawa ubavuni, jua likapita bila kugusa kioo. Pale meza ilipokuwa palibaki madoa manne meusi ya miguu yake, na vumbi, na kifungo kimoja cha blauzi ambacho Cherehani alikiokota na kukitia droo ya juu. Skrini waliiweka mbele na kuiinua kwa rimu mbili za karatasi. Kitabu kiliegemezwa kwenye kibao cha kukatia mboga kilichostaafu pamoja na mama yake, ambacho alikileta kesho yake. Kiti kilikuwa kigumu zaidi. Wenzo wake ulishikana kwa kutu. Mzee Muhuri alilala chali sakafuni kama fundi magari, akaupiga kwa mpini wa muhuri.

"Bibi, samahani," alisema kutoka chini kule. "Mtoto ana miguu mirefu, si kosa lake."

Kiti kikatoa mlio kama mtu aliyeshusha pumzi, kikapanda. Wenzao waliacha kazi wakawatazama. Hakuna aliyewakataza. Mkuu wa masjala alipita mlangoni, akaona, akaendelea na safari yake.

Kesho yake saa tisa haikuja na mkono. Cherehani alingoja. Bega lilikuwa zito la kawaida, la nyama na mfupa, na zaidi ya hapo hapakuwa na mtu. Alikuwa amejiandaa kwa maumivu. Kwa utupu ule hakujiandaa. Alikwenda msalani akalia, akanawa uso, akazungusha mabega mara kumi kama alivyofundishwa, akarudi.

Ganzi iliondoka kama alivyoambiwa, kwa aibu. Wiki ya pili kidole cha shahada kilianza kuhisi mstari mdogo ulioinuka kwenye kitufe. Kidole gumba kilibaki nyuma. Hakuchapa kwa kasi ya zamani, na ofisi ikalalamika kwamba cherehani imekuwa ya mkono. Ila kila mstari aliusoma mara mbili, na hapakuwa tena na mzee wa miaka mia saba.

Kitabu cha nne alikifikia zikiwa zimebaki siku tano. Bibi Faili alikuwa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mstari wa tatu toka chini, baina ya mwashi na mama aliyefariki akijifungua. Mwandiko ulikuwa wa Mzee Muhuri. Kumbe ndiye aliyeleta taarifa, akaiandika mwenyewe. Herufi zilitetemeka.

Ilikuwa saa nane na nusu. Cherehani alikaa sawa, nyayo sakafuni, viwiko mbavuni. Aliingiza jina lote, herufi moja moja, jina ambalo masjala nzima haikuwahi kulitumia. Umri. Siku. Mahali. Sababu. Aliyeleta taarifa. Alisoma. Alisoma tena. Kisha akabonyeza, kwa kidole kilichohisi kitufe kikishuka na kupanda, na Bibi Faili akaingia.

Aliendelea na mama wa mstari uliofuata, na mtu wa mwisho wa ukurasa ule, na wa ukurasa mwingine, hadi saa ya ukutani ilipofika tisa. Jua likamwagika sakafuni. Akainuka. Alikiachanisha kidogo kiwiko cha kulia na mbavu, akalegeza bega, akatembea polepole kuelekea kwenye maji, akipita karibu na kabati, karibu na ukuta, akikata kona kwa uangalifu wa mtu asiyetaka mwenzake ajikwae.

Mzee Muhuri alishusha muhuri hewani bila kupiga.

"Unakwenda na nani, binti yangu?"

"Namsindikiza," alisema Cherehani.

Mzee hakufanya mzaha. Alivuta kiti chake kando, njia ikawa pana ya kutosha watu wawili.